Bibi Zilia Anatimiza Mia na Kumi na Mbili

Kijana wa uhamiaji aligonga kibodi mara tatu.
"Mashine haiutaki mwaka huu," akasema.
Orodha ilianzia elfu moja mia tisa na ishirini;
yeye kazaliwa kabla orodha haijaanza.
Mwandike anavyoandikika, nikamwambia, jua linatuchoma.
Tukatoka pale tumempunguzia miaka kumi na mmoja,
naye kwenye kigari chake akacheka
hadi meno yakamdondokea, nikayadaka.

Ersilia, kwa pasipoti. Muyeye nzima, Bibi Zilia.
Kakulia mashamba ya mpunga, chini ya milima yenye theluji,
akipalilia maji magotini, ruba wakimnywa miguu.
Mimi nilidhani kuinama vile ni kwetu tu.
Vita viwili alivipita kwa sima,
sima ya manjano, anasema, ndiyo hiyo hiyo yenu,
ila sisi tuliimwaga juu ya ubao, kila mtu akakata upande wake.
Mume alikuwa naye, miaka minne.
Ukimuuliza habari zake, hujibu:
"Alikuwa na viatu vizuri."
Haongezi neno.

Alikuja kumfuata mwanawe Ngomeni,
fundi wa kuchomelea vyuma, enzi za roketi.
Sanduku moja, umri sitini, akamwambia:
Nimekuja nife penye joto.
Mwana ndiye aliyekufa.
Na daktari aliyemwandikia dawa za moyo, akafa.
Na aliyemuuzia nyumba, na wakili, na paka saba,
na mashine ya kufulia ya kwanza kufika Kasuarina.
Na mama yangu.

Mama, Mbodze binti Kazungu,
alimfulia, akampikia, akajifunza kumtukana kwa Kitaliano,
wakakaa barazani wakimenya vitunguu kama mtu na wifi yake.
Presha ilimkuta foleni, hospitali kuu,
kadi mkononi, nambari arobaini na sita.
Alikuwa na miaka hamsini na tisa.
Bibi Zilia alikuja matangani kwa miguu yake.
Alikuwa na themanini na tatu.
Nilimwangalia akila wali wa mama yangu,
nikamchukia, Mungu anisamehe,
nikamchukia hadi arobaini ilipopita.
Jumatatu nikachukua funguo kwenye msumari wa mama,
nikaenda kumfulia.

Kila mwaka, tarehe yake ikifika, wanakuja na kamera.
Keki, mishumaa ya tarakimu, diwani mwenye tai.
Siri ni nini, Bibi?
Mwaka mmoja alisema kitunguu kibichi.
Mwaka mwingine, kijiko cha mvinyo kabla ya kulala.
Juzi akasema: "Kutoolewa mara ya pili,"
diwani akapiga makofi peke yake.
Wakaandika vyote.
Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na beseni.

Hawajaniuliza. Wangeniuliza ningesema
siri ina migongo miwili.
Mmoja umelala Muyeye chini ya mwarobaini,
mwingine ndio huu, nausugua dawa ya kuchua usiku.
Siri ni kumgeuza saa nane, na saa kumi, asipate vidonda.
Ni uji uliochujwa kwa kitambaa.
Ni mtu wa kukujibu uitapo.

Lakini nisiseme uongo:
siku mbili nilizolazwa na malaria
hakuonja kitu, si kwa binti yangu, si kwa nesi wa kulipwa.
Niliporudi alinishika uso kwa mikono yote miwili,
mikono kama karatasi ya kufungia halua,
akaniita Mbodze.
Sikumsahihisha.

Leo wageni wameondoka. Sisimizi wamepanda keki.
Nimemvua gauni, nimemfunika shuka hadi kidevuni.
"Una miaka mingapi wewe?" ananiuliza, kama kila usiku.
Hamsini na tisa, nasema. Tangu mwezi wa tatu.
Ananitazama muda mrefu, kwa lile jicho lake moja linaloona.
"Acha vyombo," anasema. "Kalale."
Nami naviacha.